Picha Iliyokosa Kheri

Kwetu mtu akisema "nimeota," anayemsikiliza hujibu "kheri" kabla hajasikia hata neno moja la ndoto yenyewe. Mama yangu alikuwa na kheri za haraka. Ungeweza kuwa umeota unakula udongo, au umeota marehemu bibi anauliza kibuyu chake kiko wapi. Mama angesema kheri huku anachochea moto, ndipo akuruhusu uendelee. Ukishamaliza, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuitafsiri, na angeitafsiri vizuri hata kwa kulazimisha. Udongo ni shamba. Kibuyu ni mgeni anakuja. Aliamini, kama walivyoamini watu wa kwao Kitomanga, kwamba ndoto inaning'inia tu mpaka apatikane mtu wa kuitafsiri, na ikishatafsiriwa inaanguka upande ule ule iliosukumiwa. Kwa hiyo ndoto haisimuliwi ovyo. Anaambiwa anayekupenda. Ile mbaya haisimuliwi kabisa: unageukia kushoto, unatema mate kidogo, unanyamaza. Ikikukaba sana, unakwenda kuyaambia maji yanayokwenda.

Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu mimi ndiye mtu wa nyumba ile niliyefanya kuota kuwa kazi.

Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta hapa Kilwa Masoko. Ukiona saluni yenye vichwa vya wanawake ukutani, kila kimoja na msuko wake, na wote wanakutazama kana kwamba umewaamsha, huenda ni mkono wangu. Nimechora samaki kwenye magenge, meno kwenye duka la dawa, na jogoo mmoja kwenye banda la chipsi ambaye watu wanasema ni mzuri kuliko chakula kinachouzwa pale. Ni kazi ninayoipenda, lakini ni kazi ya macho yaliyo wazi. Mteja anataka kuku afanane na kuku, na asipofanana ataniita nirudi.

Kisha nikaenda Lindi kwenye warsha ya wachoraji. Nilikwenda kwa ajili ya rangi za bure, nisidanganye. Mwalimu akafunga mapazia, akatuonyesha ukutani picha za wachoraji wa Ulaya wa zamani waliojiita wasureali. Walichora vitu ambavyo macho ya mtu hayajawahi kuvikuta mahali pamoja, lakini walivichora kwa uangalifu, kila kivuli mahali pake, hata ukashindwa kubisha. Jamaa aliyekaa karibu yangu alininong'oneza kwamba hawa walikuwa wanavuta. Nikacheka, ila sikutoa macho ukutani. Mwalimu akasema ndani ya kila mtu kuna sehemu ya akili isiyolala, inayojua mambo ambayo mwenyewe hayajui, au hataki kuyajua, nayo haisemi kwa maneno, inasema kwa picha. Ukitaka kuikamata, weka penseli karibu na mto. Ukiamka, usiseme na mtu, usinawe uso, usijiulize maana. Chora.

Usinawe uso! Nyumbani kwetu asiyenawa uso hata hasalimiwi.

Nilianza hata hivyo. Nilikuwa naishi chumba cha uani kwa mama baada ya kuachika, na alfajiri ya kule nyuma ni laini sana. Adhana inapita, halafu kunakuwa na kipande cha muda ambacho si usiku wala mchana, bahari inasikika kwa mbali ikivuta pumzi kwenye mikoko, na chandarua kinakufanya uone chumba chako mwenyewe kama umekisahau. Hapo mkono unakuwa si wako. Nilikuwa nautazama unavyokwenda juu ya karatasi kama ninavyomtazama mtu mwingine akifanya kazi. Ukachora mbuzi waliovaa sare za shule wamekaa kwa mistari ndani ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Ukachora bahari imeanikwa kwenye kamba ya nguo, inachuruzika samaki. Ukachora mhogo wenye sikio. Baadaye mchana nilikuwa nazihamishia kwenye plaiwudi kwa rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo ya wateja, ndiyo maana ndoto zangu nyingi zina bluu ya duka la simu.

Mama alizitazama zote, na hakuna hata moja iliyomshinda. Mbuzi: "Kheri. Watoto watasoma." Bahari kwenye kamba: "Kheri. Kiangazi kizuri, nguo zitakauka." Mhogo ulimfanya afikiri kidogo, mikono kiunoni. "Kheri. Shamba linasikia dua."

Nilimwambia, "Mama, hizi hazina maana. Ndiyo uzuri wake."

"Wewe chora," akasema. "Maana niachie mimi."

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa, Mhindi ambaye babu yake naye alizaliwa hapahapa Kilwa, ndiye aliyekuwa ananiuzia rangi. Juu ya duka alikuwa na vyumba vya wageni, watu wanaokuja kuvuka kwenda kuona magofu. Aliipenda ile ya mbuzi akaitundika mapokezi, na mgeni mmoja akainunua akaondoka nayo. Tangu hapo kila nikipita alikuwa ananiita, "Fundi, ukuta wangu uko uchi."

Ndipo ikaja ile picha nyingine.

Niliiota wakati wa masika. Maji yalikuwa yameingia ndani ya nyumba bila fujo, kama mgeni anayejua mlango. Nyumba ilikuwa na matao ya mawe ya Kisiwani lakini kitanda kilikuwa chetu, kile cha kamba, kinaelea. Juu ya kitanda amekaa mwanamke amenipa mgongo. Nywele zake zimesukwa kwenda juu, msuko wa twende kilioni, lakini ncha za misuko zinarudi chini na kuwa mizizi ya mikoko, zinaingia majini. Kifua chake kimezungushiwa kitambaa kilichofungwa fundo mgongoni, fundo la ovyo, limekaa upande. Na kutoka kwenye tao inaning'inia mbeleko, imelemewa, imebonyea katikati kama inavyobonyea ikiwa na mtoto. Ila ndani yake ni maji tu, yanadondoka tone moja moja.

Niliamka shavu limelowa nikadhani paa linavuja. Nikachora bila kusita. Sikuwa na huzuni, lazima niseme hivyo. Nilikuwa na furaha ya fundi anayejua kwamba hii imetoka. Niliipaka rangi kwa siku kadhaa nikiwa kama nimelala bado. Watu walinisalimia njiani nikawa nasikia baada ya kuwapita. Ilipokaribia kukauka mzee wa duka akanikumbusha ukuta wake, nami nikaibeba moja kwa moja kwenda mapokezi. Mama alikuwa Kitomanga kwenye harusi. Kwa hiyo ile ikawa picha pekee iliyotoka nyumbani bila mtu kuiambia kheri, na wala sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria itundikwe upande upi mwanga usiiharibu.

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili kabla ya hiyo ziliharibika, na hii ya tatu tulikuwa tunaizungukia kwa sauti za chini, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Hakununua nguo hata moja. Mtu akimuuliza miezi mingapi, alikuwa anajibu, "Nipo tu." Siku ile alikuja kunitafuta dukani tukanywe juisi ya ukwaju. Nikamwambia njoo kwanza uone, nikampandisha ngazi polepole, nimemshika kiwiko, najisifu njia nzima.

Pale mapokezi alikuwepo mgeni, mama wa makamo kutoka bara, mwalimu mstaafu kwa maelezo yake, anasubiri mashua ya kwenda Kisiwani. Alikuwa amesimama mbele ya picha yangu, mkoba kifuani. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kugeuka, kisha akasema kwa huruma ya kweli kabisa, "Maskini. Mtoto wake amekufa maji."

Alikuwa wa kwanza kuitafsiri.

Nilimwona mdogo wangu akihesabu kichwani kama mimi: nani ameiona, nani amesema nini, kheri iko wapi. Naye kichwani alikuwa na twende kilioni, amesukwa juzi yake. Aliitazama ile shingo pichani, akajishika nyuma ya shingo yake mwenyewe. Akashuka ngazi bila kushika ukuta, na juisi ya ukwaju hatukunywa.

Nilimfuata barabarani nikimwambia hiyo si ndoto, ni picha, ni usureali, haitabiri kitu. Nilitumia maneno yote ya warsha. Akasimama juani akaniuliza, "Uliiota au hukuiota?"

"Niliiota."

"Basi."

Hakuja tena nyumbani. Nikimpikia uji wa lishe nikiupeleka, mume wake alikuwa anaupokea mlangoni kwa adabu na kuniambia kalala. Nilikasirika. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na nilizigawa kwa wote: yule mgeni na huruma yake, mwalimu wa Lindi, mama na Kitomanga yake, na mdogo wangu aliyesoma mpaka chuo halafu anaogopa plaiwudi. Ila nilipokuwa peke yangu chumbani hasira zilikuwa haziji. Nilikuwa nalala naogopa. Nilianza kunawa uso mara tu nikiamka, haraka, niifute ndoto kabla haijanifikia mkononi.

Halafu akaanza kuona damu. Kidogo tu, lakini damu. Zahanati wakamwambia alale, asinyanyue hata ndoo, na kwa kuwa kwa mume wake hapakuwa na mwanamke wa kumhudumia, akaletwa kwa mama, chumba cha mbele, miguu juu ya mto. Kwa hiyo tukawa nyumba moja, yeye mbele mimi uani, mama katikati akipita na vikombe.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Kakichukue kile kitu, kakitupe baharini. Yaambie maji yaondoke nacho. Mimi sitaki kukiona."

"Plaiwudi haizami, mama."

"Basi ifunge jiwe!"

Nilikwenda kuishusha. Mzee wa duka hakuuliza. Mambo ya ndoto na wajawazito hata kwao wanayajua. Kabla ya kuitupa nikajaribu dawa yangu mwenyewe. Nilikaa nikachora nyingine, kwa makusudi, macho wazi: mwanamke anacheka, mtoto mnene mapajani, jua, mnazi, hata ua nikaweka. Nikampelekea mdogo wangu na kumwegeshea ukutani mahali atakapoiona akiwa amelala. Aliitazama kwa muda.

"Dada," akasema, "huyu mtoto anatangaza sabuni."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada tangu siku ile. Tulicheka wote, yeye ameshika tumbo asilitikise, nami nikaona kweli kabisa kwamba picha ile ilikuwa haina mtu ndani. Nilikuwa nimempelekea bango.

Kicheko kilipokwisha akaniuliza ile nyingine iko wapi. Nikamwambia iko uani, imefunikwa gunia, jioni maji yakijaa nakwenda kuitupa. Akatazama dari. Akasema, "Nililiona fundo. Siku ile niliona shingo tu nikakimbia, lakini nikifumba macho hapa naona fundo. Niletee."

Nilikataa. Akasema atanyanyuka aifuate mwenyewe, na mtu aliyeambiwa asinyanyue ndoo ukimbishia unakuwa umemnyanyua wewe. Nikaileta. Mama alikuwa nje upande wa jikoni, hakutuona. Nikaitoa gunia nikaishikilia mbele ya dirisha, mimi nyuma yake, nimejificha kama mtoto.

Ilikuwa saa ya mchana ambayo mji mzima unalala, kuku wamelala vumbini, na mwanga umeingia chumbani kama maji yale.

"Huyu siyo mimi," akasema.

Nikachungulia juu ya plaiwudi.

"Hili fundo nililifunga mimi, dada. Mama alikuwa ameshika kanga, akaniambia vuta, kaza. Sikujua kufunga, nikalifunga upande. Nilikuwa mdogo. Nilidhani umevunjika mbavu."

Nilihisi kile kitambaa kikinibana kifuani, mchana kweupe, baada ya miaka yote ile. Nikakaa chini na ile plaiwudi mapajani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa Milola. Alizaliwa wa kike, kila kiungo mahali pake, kimya. Wanawake wakamchukua, wakamwosha, wakamzika kabla sijaweza kusimama. Wakaniambia nisilie: kichanga hakikaliwi matanga, na ukikililia utazuia wengine. Mungu atakupa mwingine. Nikaletwa kwa mama kupumzika, na maziwa yakanifuata. Yalikuja usiku na mchana, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, ndipo mama akanifunga kanga kifuani yakauke. Nilikaa kwenye kizingiti nimewapa watu mgongo mpaka yalipokwisha. Kisha nikainuka nikaenda kuchota maji, na hakuna aliyelitaja tena, nami nikiwa wa kwanza. Hakuja mwingine. Nikaachika, nikajifunza kuchora vichwa vya saluni, na kama ungeniuliza wakati wowote ningekwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba yale yalishapita. Mkono wangu ndio uliokuwa unayajua.

"Mimi nilikuwa nakuona mgongo tu," mdogo wangu akasema. "Kila nikitoka, mgongo. Kila nikirudi, mgongo. Ungeuchora hata miaka mia ningeujua. Nilichanganywa na nywele."

"Nisamehe," nikasema, sijui kwa lipi.

"Sikiliza. Yule mama wa bara hakukosea. Alitafsiri vizuri kuliko sisi wote. Mtoto aliondoka, kweli." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mti. "Lakini ndoto hiyo imeshaanguka, dada. Ilianguka zamani, ikakuangukia wewe. Haina kilichobaki cha kuniangukia mimi."

Mpwa wangu alizaliwa salama mwezi wake ulipotimia, na sasa ananing'ata brashi. Lakini mchana ule hatukuwa na hakika ya kitu. Tulichokuwa nacho ni yeye kulala pale na rangi kumrudia usoni, akipumua kwa kina kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi sakafuni nikilia kilio ambacho sikukijua sauti yake. Kilikuwa kilio cha msichana. Aliniacha nilie. Hakuniambia Mungu atanipa mwingine, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

Niliponyamaza akauliza, "Ulimpa jina?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Mwite."

Nililitaja. Lilitoka na sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Yeye akalichukua akalirudia kwa sauti ya kawaida, halafu akaliita tena kwa nguvu, vile mtu anavyomwita mtoto aje ale, mpaka likatoka dirishani.

Nje mama alikuwa anakuna nazi. "Mnamwita nani huko ndani?" akauliza.

"Tunamwita mjukuu wako, mama," mdogo wangu akajibu. "Yule wa Milola."

Sauti ya mbuzi ya nazi ikakoma. Tulisikia ndala zake zikija kutoka uani, zikasimama nje ya mlango, zikaingia. Mikono ilikuwa myeupe kwa machicha. Aliitazama picha, ile aliyosema hataki kuiona, akaanzia kwenye mbeleko akateremka mpaka kwenye fundo, akakaa chini sakafuni karibu yangu kwa uzito wa miguu yake mibovu. Kisha akalitaja lile jina, polepole, silabi kwa silabi, akanigeukia kuuliza kama amelitaja sawasawa.